Mtani Wetu Mashine: Kicheko cha Intaneti Kilivyokua Arusha

Kabla Arusha haijawa na intaneti, ilikuwa na Marie. Kituo cha barua pepe kilichouhudumia mji huu katika miaka ya tisini kiliitwa Arusha Node Marie. Hakikuwa cha biashara, na kiliendeshwa kwa laini ya simu, modemu na subira ya wanachama wake. Ukifungua mafaili ya zamani ya mashirika na kampuni za safari za hapa utazikuta anwani zenye jina hilo la kike, marie, likifuatiwa na gn.apc.org. Hiyo gn ni GreenNet ya London, ambako barua zetu zilipitia lango la kuingilia duniani.

Mtambo wenyewe ulifuata utaratibu wa FidoNet, uliobuniwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984. Haukuhitaji laini iwe wazi kutwa nzima. Barua uliyoandika asubuhi ilisubiri kwenye kompyuta, ikafungwa pamoja na nyingine, ikabanwa ili ipungue ukubwa. Wakati ukifika kompyuta ilipiga simu, ikakabidhi mzigo wake, ikapokea mzigo wa upande wa pili na kukata. Jibu ulilitarajia kesho au keshokutwa. Kila dakika ya simu ya nje ilikuwa hela, kwa hiyo watu walijifunza kuandika kwa ufupi. Hata hivyo, katika barua hizo zilizopimwa kama dhahabu, mtu bado alitafuta nafasi ya mstari mmoja wa kumchekesha mwenzake.

Mstari huo mmoja ndio ninaotaka kuuandikia historia. Habari za teknolojia ya nchi yetu huandikwa kwa minara, nyaya na viongozi wakikata utepe. Mimi ninaamini kwamba Arusha iliipokea mashine kwa njia ile ile inayopokea wageni wote: iliifanya mtani. Mchagga na Mpare hawahitaji kufundishwa maana yake. Mtani unamsema usoni, unamnyang'anya kofia, naye anakujibu. Siku ya msiba ndiye anayeruhusiwa kumwigiza marehemu mbele ya waombolezaji ili wapumue. Kumtania mtu ni kukiri kwamba yumo ndani ya maisha yako na kwamba humwogopi tena.

Na mashine ilikuwa ya kuogopwa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mpango wa kuendesha hesabu za Wizara ya Fedha kwa mashine kwenda mrama. Masharti yalilegezwa taratibu katika miaka ya themanini. Televisheni nayo ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka wa Azimio la Arusha, 1967, alifika miaka 27 ndipo nchi yake ya bara ikapata kituo cha televisheni, na kompyuta kwake ilikuwa kitu cha ofisi, kilichofunikwa kitambaa na kuwekwa chini ya ulinzi wa mkubwa.

Kilichoubadilisha mji haraka ni wageni. Majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, yale matatu yanayoitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na makao yake yakawekwa humo. Wakaja mawakili, wakalimani, makarani na waandishi wa habari, juu ya watalii waliokuwa wakipita kwenda mbugani na wale waliokuja kupanda Mlima Meru. Jioni wote walitaka jambo moja: kuwasiliana na kwao. Intaneti kafe zikachipuka kuanzia Mnara wa Saa, Barabara ya Boma, Goliondoi, na kushuka Sokoine hadi karibu na soko.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikaa kaunta ya mojawapo. Kazi yangu ilikuwa kuandika katika daftari saa ya mteja kuingia, kumwonyesha kiti, na kumgongea ubao muda wake ukiisha. Kompyuta zilitenganishwa kwa mbao za plaiwudi. Herufi A na E za kila kibodi zilikuwa zimefutika, tukaziandika upya kwa korekta nyeupe, na baada ya wiki chache zikafutika tena. Ukutani kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya maka: TAFADHALI USIIPIGE MASHINE. INAFIKIRI. Iliandikwa kwa nia ya kulinda mali. Lakini wateja waliichukua wakaondoka nayo. Kifodi, basi letu dogo la abiria, kikizima katikati ya mlima wa Sanawari, abiria mmoja angesema, "Msikipige, kinafikiri," na gari zima lingecheka, hata wale ambao hawajawahi kushika kipanya.

Wakati huo mawasiliano yetu na dunia yalipitia setilaiti, na picha moja ilishuka kwenye skrini utepe kwa utepe, kuanzia juu. Vijana waliokuwa na marafiki wa kalamu ng'ambo walikaa wakitazama nywele zikitokea, paji la uso likitokea, macho yakitokea, kisha nusu saa yao inaisha. Hapo ndipo ulipozaliwa msemo uliozunguka kafe zote za mjini: Arusha tunawajua wachumba mpaka mabegani. Katika sentensi hiyo moja kuna kasi ya laini, bei ya nusu saa, urefu wa mfuko wa kijana na matumaini yake. Sijaona ripoti ya mhandisi iliyoyasema yote hayo kwa maneno machache hivyo.

Wenye utundu wa mambo ya mitambo walikuwa na utani wao mzito zaidi. Walijua kwamba barua pepe kutoka Njiro kwenda Sakina, kama waandikaji wawili walikuwa wateja wa kampuni tofauti, ilipanda angani kilomita 36,000, ikashukia bara jingine, ikazunguka huko, kisha ikapanda na kushuka tena ili imfikie mtu ambaye ungemfikia kwa kutembea. Vijana hao walimwambia mwenzao aliyechelewa kujibu, "Au barua yangu imenyimwa viza?" Mwaka 2006 mafundi wa kampuni za hapa walipoanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano, AIXP, cha pili nchini baada ya kile cha Dar es Salaam cha mwaka 2004, utani huo ulipata jibu. Barua ya Njiro kwenda Sakina iliweza sasa kubaki Arusha. Wenye anwani za Yahoo waliendelea kusafiri hadi Marekani na kurudi, na walitaniwa kwa hilo.

Mwaka huo huo wa 2006 ukame ulikausha mabwawa ya umeme na mgao ukaingia kila mtaa. Kwa wanafunzi wa kompyuta wa Chuo cha Uhasibu na wa Chuo cha Ufundi lilikuwa pigo, maana kazi ya siku nzima ilipotea kwa kufumba na kufumbua. Nilinakili wakati huo swali la mtihani walilolitunga wao wenyewe. Mwalimu anauliza: taja aina mbili za kumbukumbu za kompyuta. Mwanafunzi anajibu: kumbukumbu ya kabla umeme haujakatika, na kumbukumbu ya baada. Nakumbuka nilivyokuwa nikitembea na tochi kati ya viti, watu wakiwa gizani mbele ya skrini zilizokufa, na sauti moja kutoka pembeni ikisema jibu hilo. Hasira yote ilivunjika. Kazi ya mtani msibani ni hiyo hiyo.

Lakini kicheko kikubwa hakikukaa kafe. Kilihamia mkononi. Vodacom ilianza huduma Tanzania mwaka 2000, wengine wakiwa wametangulia na wengine wakafuata, na baada ya miaka michache dereva wa kifodi, muuza ndizi wa soko la Kilombero na mwanaapolo wa machimbo ya Mirerani wote walikuwa na namba. Meseji ilikuwa na herufi 160 na si zaidi. Kiwango hicho alikipendekeza Mjerumani Friedhelm Hillebrand mwaka 1985, baada ya kuandika sentensi za kawaida kwa taipureta na kuhesabu herufi zake. Hakujua kwamba alikuwa anawawekea mizani watunzi wa Arusha. Kichekesho kilichopita herufi 160 kililipiwa mara mbili, hivyo kila neno la ziada lilichongwa. Watu ambao hawakuwahi kuitwa waandishi walijifunza kukata, kubana na kuacha neno la kuchekesha liwe la mwisho.

Simu zenyewe hazikuweza kuhifadhi meseji nyingi. Zikijaa, ulilazimika kufuta moja ili nyingine iingie. Kwa sababu hiyo watu walinakili. Mimi nina kaunta buku la jalada gumu lenye meseji nilizopokea na nilizosomewa na wenzangu, na najua wengi waliokuwa na la kwao. Vijana walitembeza stendi vijitabu vya meseji, nusu mapenzi na nusu vichekesho, ambavyo mtu alinunua ili awe na cha kutuma. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: maneno yalizaliwa kwenye mtandao wa simu, yakashuka kwenye karatasi, yakauzwa dirishani mwa basi, kisha yakarudi kwenye mtandao yakiwa yamebadilishwa jina la mtaa.

Kurasa nyingi za daftari langu ni za kubipu, yaani kupiga na kukata kabla mwenzako hajapokea. Kampuni zilitoza simu iliyopokelewa tu, na watu wakajenga juu ya mwanya huo lugha nzima ya bure. Kila nyumba ilikuwa na mkataba wake. Kwetu bipu moja ilisema nimefika Usa River salama, mbili zilisema nipigie, tatu zilisema usinipigie kabisa, baba yupo. Kichekesho kinachopendwa kuliko vyote katika daftari hilo ni hiki. Mwanafunzi wa bweni ameishiwa, anambipu baba yake, mkulima wa kahawa wa Poli, mara mbili: nipigie. Baba naye anabipu mara mbili: nipigie wewe. Mtoto anarudia, baba anarudia, mpaka chaji za wote wawili zinaisha, na kila mmoja analala akiwa na uhakika kwamba mwenzake ni mzima. Watu walikicheka kwa sababu ya ubahili. Mimi nakipenda kwa sentensi ya mwisho, ambayo mtumaji aliyebana herufi zake zote hakuiacha nje.

Kisha kulikuwa na yule dada. Kila aliyewahi kupiga simu nchini anaijua sauti yake ikisema kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Hakuwa na jina wala sura, lakini alipewa ukoo, mume na tabia. Alisingiziwa kuvunja ndoa. Alisifiwa kwa kuwa ndiye mwanamke pekee mjini asiyebadilisha kauli. Shangazi yangu, aliyeishi Nkoaranga hadi uzeeni, alikuwa akimsalimia kwa heshima na kumuuliza kama watoto hawajambo. Alikuwa anajua kabisa kwamba anaongea na mashine. Alikuwa anaitania, nasi tulikaa kumzunguka tukisubiri aipigie tena.

Mwaka 2011 mkoa wetu ulitoa jambo lililojaza simu za nchi nzima. Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania aliyejulikana kama Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, na maelfu ya watu walisafiri kumfuata, misururu ya magari ikilala barabarani. Facebook ilikuwa imepata tafsiri ya Kiswahili mwaka 2009, na kebo ya SEACOM ilikuwa imetua Dar es Salaam Julai mwaka huo, hivyo vichekesho havikuwa tena vya meseji tu. Watu waliulizana kama Babu anapokea simu zisizokaa na chaji. Wengine walitaka flashi yenye virusi inyweshwe. Wapo walioandika kwamba modemu yao imeenda Samunge na sasa inakamata mtandao mpaka bafuni. Sikuwahi kuvicheka vyote, kwa sababu ndani ya misururu ile kulikuwa na wagonjwa kweli kweli, na wapo waliokufa njiani. Hata hivyo naviona leo kuwa ni utani wa msibani. Nchi ilikuwa imeelemewa na maradhi, na ilitafuta mahali pa kupumulia.

Utani una sheria, na katika historia hii sheria hiyo ilivunjwa mara nyingi. Fungu kubwa la vichekesho vya teknolojia vilivyozunguka Arusha lilimhusu Mmasai na simu: Mmasai mlinzi anayejibu sauti ya mashine, Mmasai anayeitafuta meseji chini ya kitanda. Mtani wa kweli ni yule anayeweza kukujibu. Katika vichekesho hivi Mmasai hakupewa nafasi ya kujibu, na hali halisi ilikuwa kinyume na vilivyosema. Wafugaji wa tambarare za kaskazini waliishika simu mapema na kwa ustadi. Kabla ya kuswaga ng'ombe kwenda mnadani walipiga kuuliza bei. Waliambiana mvua imenyesha wapi, wakachaji simu kwa paneli ndogo za sola pale ambapo nguzo ya umeme haijafika. Aliyekuwa mjini akicheka ndiye aliyehitaji somo.

Jibu lilikuja lenyewe. Mwaka 2021 na 2022 kijana wa Kimasai kutoka mkoa wa Pwani, Kili Paul, pamoja na dada yake Neema, waliigiza nyimbo za filamu za Kihindi mbele ya kamera ya simu, wakiwa wamevaa shuka zao, zizi nyuma yao. Dunia ikaja kuwatazama. Februari 2022 Ubalozi wa India Dar es Salaam ulimwalika Kili na kumpa heshima, na Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao redioni. Kamera iliyokuwa ikimcheka Mmasai ilikuwa sasa mkononi mwake, naye ndiye aliyeamua nani acheke na wakati gani. Kwangu hilo ni tukio kubwa katika historia hii kuliko uzinduzi wowote wa mnara.

Ustadi huu wote ulikuja kutusaidia pale mashine ilipotumiwa kutuibia. M-Pesa ilifika Tanzania Aprili 2008, na haikuchukua miaka mingi wezi wakaanza kutuma meseji kwa namba yoyote: ile hela itume kwenye namba hii. Walitegemea kwamba kati ya watu mia, mmoja ana deni kweli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuja mwaka 2015, lakini wananchi walikuwa wameshaanza kujilinda kwa silaha waliyoijua. Waliwajibu. Hela nimeipandisha kwenye kifodi cha Ngaramtoni, kaipokee Mianzini kwa konda. Hela nimempa mama yako, amesema atakutandika kwanza. Majibu yalipigwa picha na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, na kila bibi aliyeyasoma akicheka alikuwa amefundishwa kutotuma. Sijui tangazo la usalama lililofika ndani ya nyumba nyingi kwa namna hiyo.

Mwishoni mwa 2015 Afrika Mashariki nzima iliona nguvu hiyo, pale Rais mpya John Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi. Watu wa Twitter, Watanzania na majirani, wakaanza kuulizana Magufuli angefanyaje, wakiweka picha za kila namna ya kubana matumizi. Watu wa hapa walijikuta katika ufundi walioujua tangu enzi za kubipu: kugeuza uhaba kuwa kicheko.

Sasa tupo katika wakati wa bando. Pale Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanza kufundisha sayansi na teknolojia mwaka 2011, na vijana wake wanatengeneza programu ambazo sisi wa kaunta tusingeziota. Vichekesho vyao vinatoka kwa sekunde na kufutika kwa sekunde. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Vya kwetu viliokolewa na udogo wa simu, uliotulazimisha kunakili kwa mkono. Vya sasa vinaaminiwa kwa simu kubwa, na simu hiyo ikiibiwa stendi au ikidumbukia Mto Themi, mwaka mzima wa kicheko cha ukoo unapotea.

Kwa hiyo naomba tufanye kazi. Mwenye simu ya zamani kabatini aipeleke kwa fundi, aiwashe na anakili kilichomo. Mwenye daftari alilete. Kila kichekesho kiandikwe na mwaka wake, mtaa wake, kilitumwa na rika gani, na siku hiyo mjini kulikuwa na nini: mgao, uchaguzi, mvua, au bei mpya ya vocha. Kile kilichomwonea mtu kihifadhiwe pia, pamoja na maelezo ya alivyoonewa. Tunayo Makumbusho ya Azimio na tunalo Boma la Wajerumani lenye makumbusho yake, na vyuo vyetu vina maktaba. Pahali pa kuweka papo. Wajukuu wetu watasoma takwimu na kujua tulikuwa na laini ngapi za simu. Wakitaka kujua tuliishi nazo vipi, itabidi wacheke tulichocheka, na hilo haliwezekani kama leo hakuna anayeandika.